Kufunga Ziwa Hakutoshi Ikiwa Leseni Hazina Kikomo

Tangu Tanzania iliposimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hapa Lindi husikika hoja kwamba Ziwa Victoria nalo lifungwe, kwa kuwa hata kisiwani Songosongo wanakijiji hufunga miamba ya pweza kwa muda na kuvuna walio wakubwa zaidi inapofunguliwa. Nakubaliana nayo nusu tu.

Pweza hukua upesi mno, hatangitangi mbali na mwamba wake, na anayevunja zuio hujulikana kijijini kabla jua halijachwa. Sangara wa Ziwa Victoria huchukua miaka kadhaa kufikia umri wa kuzaa, naye huogelea katika maji ya Tanzania, Uganda na Kenya bila kuulizwa hati ya kusafiria. Ndiyo maana nchi hizo zilikubaliana avuliwe mwenye urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wapate kukua na majike makubwa, ambayo hutaga mayai mengi zaidi, yabaki majini. Kanuni hiyo ni nzuri, na sioni haja ya kuibadilisha.

Kasoro iko kwingine. Katika Operesheni Sangara ya mwaka 2018 makokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu nyingine haramu ziitwazo makila viliteketezwa kwa moto, lakini idadi ya mitumbwi inayoruhusiwa kuingia ziwani haikuwekewa ukomo. Yeyote mwenye chombo na ada ya leseni bado alikaribishwa. Wavuvi wanapoongezeka huku samaki wakipungua, mvuvi aliyerudi mikono mitupu usiku mzima atatafuta wavu wenye macho madogo zaidi, hata akijua faini yake, maana deni la mafuta ya injini halingoji. (Na sangara wachanga wanaonaswa na wavu huo wana wanunuzi, ambao husumbuliwa mara chache kuliko wavuvi.)

Kwa hiyo napendekeza kila mwalo, yaani mahali vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki, uwekewe idadi ya vyombo, na BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, vipewe kauli katika kuamua nani apate leseni, badala ya kuitwa tu wakati wa doria. Wapo watakaokosa nafasi, hasa vijana wasio na mtumbwi wao wenyewe, na mpango wowote usioeleza watakula nini utakwama mwaloni siku ya kwanza.