Nimerudia kidato cha nne nyumbani kwangu

Ngazi yetu haikuwa na kosa lolote ila sura. Mbao zake zilipakwa vanishi enzi zile watu walipoamini kwamba kitu hakijapendeza mpaka king'ae, na kadiri miaka ilivyokwenda vanishi ile ikatoka kwenye rangi ya dhahabu ikaingia kwenye rangi ya dawa ya kikohozi. Katikati ya vidato lilipita zulia la kahawia, limekanyagwa mpaka likachimbika kijia kama cha ng'ombe waendao mtoni. Mimi nilipanda na kushuka kila siku bila kuiona. Ngazi unaiona siku unayojikwaa tu.

Halafu wakaja wageni. Mmoja wao akashika mkono wa ngazi, akatabasamu, akasema, "Hii ngazi ina historia." Mke wangu hakujibu. Walipoondoka alisimama pale chini, mikono kiunoni, akaitazama ngazi, kisha akanitazama mimi. Nikajua kati yetu wawili kuna mmoja lazima abadilishwe.

"Tuite fundi," akasema.

Hapo ndipo nilipojiponza. "Fundi wa nini, Mama Nuru? Hiyo kazi ya siku mbili. Jumamosi nasugua, Jumapili napaka, Jumatatu tunapanda kama wafalme." Na shemeji yangu, ambaye alikuwa amelala kwenye kochi na simu, akadakia, "Kabisa, ni rahisi tu, nimeona video." Shemeji huyo hajawahi kupigilia hata msumari wa kutundikia kalenda, lakini video ameziona zote.

Basi Jumamosi nikaanza na zulia. Zulia lenyewe lilitoka kwa dakika kumi, nikajipongeza. Sikujua kwamba limeacha watoto. Aliyelifunga alitumia pini na vimisumari vingi kuliko zulia lilivyohitaji, na vyote vilibaki kwenye mbao. Ukivuta na koleo, nusu inakatika kichwa na nusu inabaki ndani inakusubiri. Nilivuta mpaka jioni. Nilizodhani nimezimaliza, Nuru alizipata kwa unyayo.

Usiku nikafanya hesabu ambayo ningeifanya kabla ya kufungua mdomo. Vidato kumi na vinne. Kila kidato kina ubao wa kukanyagia, ubao wa mbele uliosimama, na ule mdomo unaochomoza. Kisha vijiti vya pembeni, viwili kwa kila kidato, jumla 28, na vyote vimekerezwa kwa madoido: kijiti kina shingo, kina tumbo, kina pete tatu, kina kiuno. Aliyevikereza alikuwa na muda, na sidhani kama alimpenda mtu yeyote. Kila kitu kinapitishwa msasa mara tatu, kwanza namba 80, kisha 120, kisha 180. Vidato peke yake ni mizunguko 42. Vijiti ni 84. Jumla 126, na brashi bado iko kwenye karatasi yake.

Namba za msasa nazo zimewekwa na mtu mkorofi. Namba ndogo ndiyo kali, namba kubwa ndiyo laini. Mimi nilianza na 180 nikiamini nimechukua simba. Nilisugua nusu saa, vanishi ikazidi kung'aa. Nilikuwa naipiga pasi.

Nilipopata 80 mambo yakaenda, na ndipo tamaa ikaniingia. Nikajiambia, hii 120 ya katikati ya nini, si turuke tu twende 180? Jamani, usiruke. Ile 80 inaacha mikwaruzo, na kazi ya 120 ni kuifuta mikwaruzo hiyo. Ile 180 haina nguvu hizo, inaipapasa tu na kuibembeleza. Ukiangalia kwa macho huoni kitu, ubao umelainika, unatamani kuulalia. Unapopaka rangi ya mbao ndipo mikwaruzo inakunywa rangi na kujitokeza yote kama makunyanzi. Vidato vitatu vya kwanza nilivirudia upya, kwa mkono, nikifuata uzi wa mbao, maana ile mashine ya kuzunguka haifiki kwenye pembe. Kila kidato kina pembe mbili za nyuma. Vidato kumi na vinne. Kazidishe mwenyewe, mimi nimechoka na hesabu.

Vumbi sasa. Nilitundika nailoni kila mlango, nikaziba kila upenyo, nikavaa barakoa. Vumbi likapita. Lilikuwa kwenye mto, kwenye miswaki, ndani ya friji iliyofungwa. Shemeji alikohoa siku mbili akahamisha kochi.

Katikati ya vumbi hilo ndipo ikanijia kuwaza: hii rangi ya zamani ya zile mbao za mbele ina nini ndani? Maana rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani walizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na mimi nyumba yetu sijui ilijengwa lini. Nilikaa kwenye kidato cha sita kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali, nikiwa na kile kipimo cha kijiti mkononi. Hakikubadilika rangi. Nikashukuru, kisha nikajitukana, kwa sababu hicho ndicho kitu cha kupima kabla ya kuwasha mashine, si baada ya kukitafuna.

Sasa niwaambie kuhusu kidato cha nne, maana yeye ndiye mwenye kisa.

Kidato cha nne kilikuwa kinalia. Si kulia kidogo, ni ule mlio wa mlango wa gereza. Nilipima ngazi yote nikidhani labda imekosewa vipimo. Kuna Mfaransa, François Blondel, tangu karne ya 17 aliweka kanuni ya ngazi ikihesabu hatua ya binadamu: chukua kimo cha kidato mara mbili, jumlisha na upana wa kukanyagia. Siku hizi mafundi wanataka jibu liwe kama sentimita 60 hadi 65. Chetu: kimo 18, upana 26. Jumla 62. Kimefaulu, na bado kinapiga kelele. Nikapiga parafujo mbili, kikanyamaza mpaka asubuhi. Nikamwaga poda ya mtoto kwenye nyufa, kikawa kinalia huku kinanukia. Nikaachana nacho. Wakati ule wa shule kidato cha nne kilinisumbua vilevile, nikajua tuna uhasama wa kudumu.

Na kwa kweli mlio ule ulikuwa na faida. Ilipofika wiki ya pili (ndiyo, wiki, msinikumbushe Jumatatu ya wafalme) nilikuwa na utaratibu wangu. Mama Nuru akiwa juu, mimi nalala kidogo kwenye kochi, msasa kifuani. Akianza kushuka hasikiki mpaka afike cha nne kutoka chini. Kriiik! Nimeshasimama, nasugua kijiti, jasho nimelichota kwenye glasi ya maji.

"Pole na kazi, Baba Nuru."

"Tutafanyaje, mama."

Vanishi ya zamani ilipoisha tukaona mbao zenyewe. Mimi miaka yote nilijigamba kwamba chini ya ile dawa ya kikohozi kuna mti mgumu wa heshima. Ni msonobari. Mlaini, unaingia ukucha, umejaa vifundo kama macho ya watu wanaokucheka. Na msonobari haunywi rangi kwa ustaarabu. Hapa unakunywa kama mlevi, pale unakataa kabisa, ukimaliza una ngazi yenye mabaka. Kuna dawa ya kupaka kwanza ili unywe kwa usawa, imeandikwa kwenye kopo, upande ule ambao wanaume hawausomi. Nimeusoma nikiwa kidato cha tano, kwa hiyo kuanzia cha tano kwenda juu ngazi yangu ni nzuri sana.

Vile vijiti 28 sikuvisafisha vyote. Nakiri. Nilivisafisha sita, nikaingiza kidole kwenye pete ya kijiti cha saba, nikatoka nje nikavuta pumzi, nikarudi nikatangaza kwamba kitaalamu vijiti vinapendeza vikipakwa rangi nyeupe. Mama Nuru akasema ni wazo zuri. Nilitamani nilie. Ila msije mkadhani rangi nyeupe inaficha kila kitu: utomvu wa vifundo unapenya na kuchora madoa ya njano juu ya weupe wako, mpaka utangulize praima ya kuziba. Nimejuaje? Nendeni mkakitazame kijiti cha pili.

Kitu kimoja nilichokifanya sawasawa ni vitambaa, na ndicho kilichonidhalilisha. Vitambaa nilivyofutia rangi ya mafuta huvikunji ukavitupa kwenye pipa. Mafuta yale yanapokauka yanavuta hewa ya oksijeni na kutoa joto, na kitambaa kikiwa kimefinyangwa joto halina pa kutokea, linajikusanya mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti. Basi nikavianika nje kimoja kimoja, vimetandazwa, vina madoa ya kahawia. Jirani akapita. Akaviangalia, akaniangalia, akasema pole kwa sauti ya mtu anayewapa pole wagonjwa wa tumbo. Sikuwa na nguvu ya kueleza oksijeni.

Tukafika kwenye vanishi. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kopo la vanishi ya mafuta nilipogundua kwamba ndiyo ileile ambayo kwa miaka inageuka njano. Yaani nilikuwa nimetoka jasho majuma matatu kuiondoa dawa ya kikohozi ili niipake tena ikiwa bichi! Nikachukua ya maji. Nikalitikisa kopo kwa furaha, kumbe halitikiswi, linakorogwa taratibu, kwa maana ukilitikisa unapaka mapovu. Na ukiifungua ni nyeupe kama maziwa. Nilidhani nimeuziwa rangi. Inakauka ikawa kama kioo, lakini hilo hulijui wakati mke wako amesimama nyuma yako anauliza, "Ndiyo hiyo?"

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Wahenga hawakuwa na vanishi mbichi. Vitanda vyetu viko juu, jiko na choo viko chini. Ujanja wake ni kupaka kidato kimoja na kuruka kimoja, leo vya shufwa, kesho vya witiri, ili watu wapite kwenye vile vikavu. Nikapaka vya shufwa jioni. Nikabandika utepe mwekundu kwenye kila kidato kibichi. Nikaita familia nzima, nikatoa hotuba: mwekundu usikanyage. Nikaenda kuosha brashi.

Nuru ana miaka saba na ana moyo wa kusaidia. Akaona vidato saba vina utepe na saba havina, akaona baba amesahau, akachukua utepe akabandika na vile vingine. Vizuri kabisa, umenyooka kuliko wa kwangu.

Niliporudi nikakuta ngazi nyekundu kuanzia chini hadi juu. Shemeji alikuwa juu, ananing'inia kwenye nguzo. "Nishuke wapi?" Nikakumbuka nimepaka shufwa. Lakini shufwa kwa kuhesabu kutoka chini au kutoka juu? Ukihesabu kutoka chini, cha nne ni shufwa. Ukihesabu kutoka juu, chenyewe ni cha kumi na moja. Tukabishana, kila mtu akiwa upande wake wa ngazi, kama wanahisabati. Shemeji akasema kuna video. Mwishowe haja ilimzidi nguvu akashuka kwa imani. Unyayo wake bado upo kwenye kidato cha nane, umehifadhiwa chini ya tabaka mbili za vanishi, vidole vyote vitano. Nilisugua kidogo na namba 220 kati ya tabaka na tabaka kama inavyotakiwa, lakini kwenye ule unyayo namba zote zimeshindwa.

Ikaisha. Inapendeza, siwezi kukataa. Kilichobaki kilikuwa kidato cha nne, na safari hii nikasema sikifuati kwa juu nikaharibu vanishi yangu. Nikaingia stoo ya chini ya ngazi na tochi, nikalala chali kati ya mabegi, nikamwambia Mama Nuru akikanyagekanyage. Nikaona. Ubao wa kukanyagia ulikuwa umeachana na ubao wa mbele, uwazi wa unene wa karatasi, vinasuguana. Nikachonga kabari nyembamba, nikaipaka gundi, nikaisukuma taratibu. Nikaongeza kipande cha mbao kwenye pembe, gundi na parafujo fupi zisizotokeza juu. Akakanyaga. Kimya. Akaruka. Kimya. Niliwahi kupata vyeti maishani lakini hakuna kilichonipa raha ile.

Kesho yake, Jumapili mchana, nilijinyoosha kwenye kochi, nikaweka msasa kifuani kwa mazoea. Nilifumbua macho nikamwona Mama Nuru amesimama kichwani pangu. Sijui alikuwa pale tangu saa ngapi.

"Baba Nuru."

"Nilikuwa nafikiria."

"Na mimi. Ile milango ya juu, mitano yote, nayo ina ile rangi ya dawa ya kikohozi. Naona una muda."

Usiku, wote walipolala, niliingia stoo na tochi kuona kama ile kabari inaweza kung'oka. Gundi ilikuwa imeshakauka.