Maji Yakijaa Shela, Mimi Hulala Tekani

Mimi si baharia, na baba yangu hakuwa baharia. Nina kiduka cha misumari, kamba na rangi karibu na Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa Lamu, na bahari naijua kwa kuitazama tu. Lakini niulize maji yatajaa saa ngapi Jumamosi ijayo, nitakujibu kabla hujafunga mdomo. Bamvua la mwezi mwandamo, maji yanapojaa kupita kiasi, bamvua la mwezi kumi na nne, maji mafu ya katikati, yote yamo kichwani. Na sababu si samaki. Sababu ni shoga wa mke wangu anayekaa Shela.

Kutoka Shela mpaka mjini Lamu ni kilomita tatu hivi kwa njia ya pwani, dakika arubaini kwa mtu asiyesimama kuamkiana na watu. Yeye husimama. Siku za bamvua maji hujaa alasiri, njia inamezwa, na yeye ndiyo kwanza anamimina kikombe cha pili. Boti zipo tele, zimefungwa gatini zinangoja abiria. "Ya nini kutupa pesa," asema mke wangu, "na kitanda kipo?" Kitanda kipo, kweli. Ni changu. Basi mimi na mto wangu twahamia tekani, kile kiukumbi cha mlangoni, chini ya zidaka, ambako mbu wananijua kwa ukoo. Na huko ndani, mpaka saa saba za usiku, nasikiliza kicheko chake. Huanza kama mtu aliyepaliwa, kikapanda, kikapanda, kisha kikakatika kwa kikohozi. Ukidhani kimekwisha, kinaanza upya.

Wako wanne kwa jumla: wa mtaa wa Langoni, wa mtaa wa Gadeni, huyo wa Shela, na wangu. Walikutana chuoni wakiwa na miaka saba, wakasoma juzuu moja na kuonja bakora moja, na sasa wana hamsini na mmoja. Hiyo ni miaka 44. Mimi nimeoa miaka 28 iliyopita. Yaani katika nyumba yangu, mgeni aliyekuja nyuma ni mimi. Na hilo walinionyesha tangu siku ya arusi, walipopiga vugo, pembe zikalia kwa vijiti mtaa mzima, wakatunga ubeti juu ya bwana arusi mwenye masikio kama makasia. Ubeti ule haukufa. Huimbwa jikoni kwangu kila ninaposema sina hela.

Jumamosi baada ya adhuhuri nasikia hodi.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, karibuni."

"Wenda wapi?"

Mimi nimekaa kwenye kiti changu, na singlendi, na redio. Siendi popote. Lakini hilo si swali, ndugu zangu, ni amri iliyovaa buibui. Natafuta kofia, natafuta makubadhi, natoka.

Na vyombo! Sinia langu limekwenda Shela mara nyingi kuliko mimi. Juzi nimenunua nazi mbili kwa moyo mkunjufu, nikatafuta mbuzi nikune. Mbuzi iko Langoni. Kawa iko Gadeni. Kinu kipo, mchi haupo. Nikimuuliza mke wangu hivi vyombo ni vya nani, ananitazama kama niliyeuliza upepo wa kusi ni wa nani.

Siku nyingine zote sita wana kundi la WhatsApp. Wanatumiana ujumbe wa sauti wa dakika saba, wa dakika tisa, na wa Langoni na wa Gadeni hawako mbali hata kidogo, wangeweza kupiga kelele madirishani ikaisha. Kisha Jumamosi wanakutana na kusimuliana yale yale, safari hii kwa mikono.

Umri nao umewaletea joto. Sisemi hali ya hewa. Hili ni joto linalopanda kutoka kifuani hadi usoni saa nane za usiku, katikati ya kusi, watu wote wamejifunika. Mke wangu anarusha shuka, anafungua dirisha, anawasha feni mpaka mwisho, kisha anachukua simu. Na kundi lote liko macho! Wanne wanapepea, kila mmoja kwake, wanaulizana: "Wewe lako limeanzia wapi?" Mimi niko pembeni na shuka mbili natetemeka kama niko Limuru, na hakuna kundi la kunipokea.

Basi ngoja niwaeleze ya kipimo cha presha. Wanacho kimoja, walichanga wakakinunua. Kinazunguka nyumba nne kwa zamu ndani ya kikapu cha ukili, pamoja na betri za akiba na daftari la shule lenye mistari. Wanapimana, wanaandika, wanachunguliana namba kama watoto siku ya ripoti. Wa Langoni akipata 128 hutembea kutwa kidevu juu. Wa Gadeni akifika 140 kwa 90, pale daktari anapoanza kukunja uso, hana raha tena: achari inafichwa, chumvi inahesabiwa, na baada ya alfajiri wenzake wako mlangoni kumtoa akatembee pwani, apende asipende.

Mwaka juzi ikapitishwa, bila mimi kuulizwa, kwamba na shemeji apimwe. Nikakalishwa. Mke wangu akanifunga kile kitambaa mkononi. Wenzake kwa heshima wakarudi nyuma ya pazia. Pazia lenyewe la malimali, unaona hata nani ana miwani. Mashine ikaanza kuvuma. Kitambaa kikabana, kikabana tena, vidole vikaanza kufa ganzi, na nyuma ya pazia nasikia pumzi tatu zimezuiwa. Nani presha yake isingepanda? Tii. Mke wangu akainama, akasoma: 170.

Kimya. Kisha sauti ya Shela, taratibu: "Innalillahi."

Nilikuwa hai! Nimekaa pale pale! Walipoondoka nikajipima peke yangu, nimetulia, ikasoma 126. Nani alinisadiki? Daftarini pameandikwa 170, kwa wino. Tangu hapo chai yangu haina sukari na samaki wangu hana chumvi, kwa azimio la wanawake wanne, watatu wao hawajawahi kula kwenye sahani yangu.

Lakini siwezi kuwasema kwa pesa. Wana mchezo wao wa tangu ujana, kila wiki mtu atoe, zamu izunguke, na sijasikia hata siku moja kwamba umelala. Sisi wanaume wa barazani tulianzisha wetu, tukaandika na katiba, ukafa mwezi wa tatu. Mweka hazina alisema anavuka Mokowe mara moja. Mokowe, hapo ng'ambo, unapaona kwa macho. Maji yamejaa na kupwa hayahesabiki, bado anavuka.

Basi masika moja paa la duka likavuja, mzigo ukaloa, misumari ikashika kutu kwenye makatoni. Mke wangu usiku akanipa bahasha, hakusema neno. Nikajua ni akiba yake, nikamwona mke wa maana, nikanunua mabati, nikajaza na rangi. Baada ya miezi mitatu napita kichochoro cha nyuma ya msikiti, nimejibana ukutani kupisha punda wa mchanga, na wa Gadeni naye amejibana upande wa pili. Akasema, kwa adabu kabisa: "Shemeji, ile rangi ya kijani imeanza kutoka?"

Rangi ya kijani haitoki. Kosa langu, nilinunua makopo ishirini. Lakini yeye kajuaje?

Nikaenda nikamkamata mke wangu. Ndipo nikaambiwa: zile pesa zilikuwa za mchezo. Zamu ilikuwa ya wa Langoni, akaiacha. Iliyofuata ya wa Gadeni, naye akaiacha. Mimi miezi mitatu natembea mjini kifua mbele, kumbe deni langu lina wajumbe. Usiku ule sikulala. Kwanza aibu; pili, ilikuwa bamvua.

Nami nina marafiki, msidhani. Miaka thelathini tunakaa Mkunguni mbele ya ngome, kahawa chungu, kashata, bao, na serikali zote tumeziangusha pale pale. Mwaka jana nikaugua homa siku tisa. Nimelala nasikiliza mlango. Wa Langoni alileta uji wa pilipili manga, wa Gadeni supu ya kuku, Shela akatuma mtoto na ndimu. Kutoka Mkunguni, hata salamu. Siku ya kumi nikajikokota mpaka barazani, suruali inanivuka. Mwenzangu wa kushoto akaniangalia, akasema, "Ulikuwa Mombasa?" Nikasema nilikuwa mgonjwa, siku tisa. Akasema, "Alaa." Akasogeza kete. Kisha: "Zamu yako."

Sikumwambia mke wangu. Angelipeleka kundini.

Turudi mwaka juzi, kama miezi miwili baada ya lile jambo la 170. Mume wa yule wa Shela akafariki. Mtu mpole, fundi wa majahazi, hakumkera mtu. Tukazika, tukasoma hitima, wanaume tukarudi dukani. Wao hawakurudi. Eda ni miezi minne na siku kumi, na watatu wakapanga zamu za kulala kule. Zamu ya mke wangu ilikuwa siku mbili kwa wiki, zikawa tatu, zikawa nne. Nami kwa hesabu yangu nilikaa eda yangu, eda ya tumbo: mkate wa mofa na chai ya mkandaa isiyo sukari, asubuhi na jioni. Na siku ambazo yuko nyumbani hupika vya kupelekwa kule, na mpelekaji ni nani? Punda wa Lamu wana zahanati yao tangu 1987. Mimi mgongo nausugua mwenyewe.

Siku moja, mwezi wa tatu wa eda, zamu ilikuwa ya wa Langoni kulala, lakini mke wangu na wa Gadeni nao walikwisha kwenda tangu asubuhi, wakaniachia sufuria ya mbaazi za nazi na kikapu cha mahamri niwafuatie. Bamvua. Nikatoka mapema nipite kabla maji hayajafunga, na bado nimefika Shela kikoi nimekikunja mapajani na makubadhi mkononi. Nikapanda kwenye daka la mlango, nikainua mkono nigonge.

Ndani wa Langoni anazungumza, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka Manda: "…sisi tuko nyuma ya pazia tumeziba pumzi, yeye kajikaza kama atakayetahiriwa, mashine ikalia tii…"

Kimya kidogo.

"…na wewe ukamsomea Innalillahi!"

Nikasikia mtu amepaliwa. Kikapanda. Kikapanda tena. Tangu azike mumewe sikuwa nimekisikia.

Nikashusha mkono. Nikakaa barazani pa daka na sufuria mapajani, inaniunguza kupitia kikoi. Kikakatika kwa kikohozi, wakanyamaza, kisha wakasimulia tena toka mwanzo. Safari hii wakaongeza kwamba nilitoa macho na kushika kiti kwa mikono miwili. Uongo, mkono mmoja ulikuwa umefungwa. Wakaingiza na ubeti wa masikio, kwa sauti ya chini, maana nyumba ni ya eda. Paka wa Shela wakaja wakakizunguka kikapu, nikawapa hamri moja wanyamaze.

Nilipogonga, mbaazi zilikuwa baridi na njia ya pwani haipo tena. Nikateremka gatini. Nahodha akanitazama miguu, akaitazama bahari, akataja bei ya mtalii. Nikalipa.

Baada ya isha mke wangu akapiga simu.

"Mbona chakula yeo kimefika baridi?"

"Punda," nikamwambia. "Walifunga ndia."

"Punda," akasema. "Na hamri moja imepungua."

"Punda," nikasema tena.

Akanyamaza. Na nyuma yake, mbali kidogo na simu, nikasikia mtu amepaliwa.