Antioksidanti baada ya damu kuzibika: nadharia iko poa, saa ndo tatizo

Kariakoo siku hizi haukosi kukutana na kichupa chenye picha ya moyo mwekundu na neno ANTIOKSIDANTI (yaani kitu cha kuzuia oksijeni kali isitafune seli) kwa herufi kubwa, na muuzaji maneno anayo tayari: inasafisha mishipa, inazuia kiharusi, na kama ulishapata basi inarudisha viungo. Ukimuuliza daktari anacheka tu, anakwambia utapeli huo. Mi naona wote wawili wanaruka kitu, maana chini ya hayo maneno ya biashara kuna sayansi ya kweli kabisa, ila hiyo sayansi imewatoa jasho watu wenye hela kuliko duka zima la Kariakoo.

Iko hivi. Mshipa ukiziba, iwe wa moyo au wa ubongo, seli zinakosa oksijeni zinaanza kufa, hilo linaeleweka. Shida ya pili inakuja damu ikirudi. Mle ndani ya seli kuna mitokondria, ndo zinazotengeneza nguvu, na muda ule damu imekatika zinalundika kitu kinaitwa saksineti, sasa oksijeni ikiingia ghafla ile saksineti inachomwa kwa mpigo mmoja, inazalishwa oksijeni iliyochachamaa inayotafuna utando wa seli, kalsiamu inajaa, afu chembe nyeupe za damu nazo zinakuja mbio kama askari waliokosea nyumba, wanavunja milango ya seli ambazo ni nzima kabisa, tishu inavimba. Yaani ile damu uliyokuwa unaiombea ndo inajeruhi. Na bado bila kuirudisha unakufa, kwaiyo hakuna kukwepa.

Wazo la kumpa mgonjwa dawa ya kuikamata hiyo oksijeni kwahiyo sio ujinga. Kwa panya linafanya kazi vizuri, sehemu ya ubongo iliyokufa inapungua kweli. Wajapani walilikubali, dawa ya aina hiyo iitwayo edaravoni wanaitumia kwa kiharusi tangu 2001. Lakini kuna nyingine, NXY-059 ya kampuni ya dawa ya AstraZeneca, hiyo ndo iliuma. Utafiti wa kwanza uliotoka 2006 ulionyesha nafuu kidogo, watu wakashangilia, wakarudia kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, majibu yakatoka 2007: hakuna kitu, sawasawa na waliopewa dawa bubu, ile isiyo na kitu ndani. Na hao walipewa ndani ya masaa 6, tena kwa dripu, sio kidonge cha kumezea na chai.

Kwa nini panya apone binadamu asipone? Panya wa maabara mara nyingi ni kijana, hana presha wala sukari, na aliyemfunga mshipa anajua dakika atakayoufungua, dawa anaipanga kabla. Sasa mchukue mzee wa Mbagala, kaamka mdomo umepinda, nyumbani wanabishana kwanza, huyu anasema kalalia vibaya yule anasema jini, kupata gari, foleni, kufika hospitali, kusubiri CT scan... Kama mshipa ulishajifungua wenyewe, ule mlipuko wa oksijeni ambao ni wa dakika za mwanzo umeshapita. Kama bado umeziba, hiyo dawa itafikaje huko?

Ila msiwazike watetezi mapema. Kuna sehemu saa inajulikana: upandikizaji wa figo, ambao Muhimbili walianza 2017. Daktari ndo kashika kibanio cha mshipa, anakiachia mwenyewe, figo iliyokuwa imepauka inageuka pinki mbele ya macho yake. Na yale maji maarufu ya kuhifadhia viungo yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, yana glutathioni na alopurino ndani, antioksidanti hizo. Huwezi kuzipa sifa zote, baridi nayo inafanya kazi kubwa, mle kuna vitu vingi. Lakini angalia: alopurino hiyohiyo walipewa wazee wa Uingereza wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, karibu 6,000, wanameza kila siku kwa miaka, majibu ya 2022 yakasema haikuwapunguzia mshtuko wa moyo wala kiharusi. Kwaiyo hoja ya "huenda itasaidia, acha tu ninywe" mi siinunui.

Kwetu hapa ningeangalia zaidi sikoseli, maana kule damu inaziba na kufunguka mara kwa mara, na wagonjwa tunao wengi sana. Kuna unga wa L-glutamini unaosaidia seli nyekundu kupambana na hiyo oksijeni, Marekani waliupitisha 2017 baada ya utafiti wa watu 230 kuonyesha, kwa karibu mwaka mzima, waliotumia walipata vipindi vya maumivu kama 3 na waliopewa dawa bubu kama 4. Ulaya wakaangalia data zilezile, wakasema walioacha utafiti katikati ni wengi mno, na 2019 kampuni ikaondoa ombi lake. Kwa mzazi ambaye kipindi kimoja pungufu ni usiku kadhaa wa mtoto bila kulia, 3 badala ya 4 sio kitu kidogo, simlaumu akiutaka, ila kama haidroksiyurea, dawa iliyozoeleka ya sikoseli, mtoto bado hajaanzishiwa basi hela iende huko kwanza.