Aliyekosa mkopo si lazima awe mzembe

Kila dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifungwa, lawama ni ileile: vijana hawasomi mwongozo, wanangoja siku za mwisho, kisha wanalia kwamba Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) imewaonea. Ina ukweli wake. Mwongozo wa HESLB hutolewa mapema, na wapo wanaoghushi. Anayewasilisha cheti cha kifo cha baba aliye hai anamnyang'anya yatima wa kweli, tena fedha ya umma. Uhakiki lazima uwepo.

Lakini tuangalie nani hasa anakwama. Mwombaji hutakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa, na yatima cheti cha kifo cha mzazi, vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta asilimia 16 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania ndio waliosajiliwa kuzaliwa kwao, na wenye cheti mkononi walikuwa wachache zaidi. Piga hesabu: watoto hao ndio wanaomaliza kidato cha sita miaka hii. Mpango wa RITA wa kuwasajili watoto wa umri huo bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza Mbeya mwaka 2013, na aliyezaliwa 2006 alikuwa ameshavuka umri. Wengi wao wametafutiwa cheti ukubwani, mara nyingi kwa haraka, na hapo ndipo majina yanapopishana. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ali, cha kidato cha nne kinasema Ally. Kwa tofauti hiyo tu kijana anaanza kuhangaikia hati ya kiapo.

Yatima wa kijijini ana mzigo mkubwa zaidi. Baba alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, na hakuna aliyewaza karatasi. Miaka kumi baadaye mwanawe anatakiwa kuleta cheti cha kifo: aanze na barua ya mtendaji wa kijiji, aende wilayani kwa msajili, asubiri uhakiki wa RITA, na kila hatua ina nauli yake. Aliyefiwa na baba mwajiriwa, hospitalini, cheti anacho tangu siku za msiba, kwa sababu benki na mfuko wa pensheni walikidai. Yaani kadiri yatima alivyo maskini, ndivyo anavyopungukiwa ushahidi wa uyatima wake.

Linganisha na ufadhili wa Samia Scholarship ulioanza mwaka 2022 kwa waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi. Pale serikali ilichukua matokeo, ikatangaza majina ya wenye sifa, ikawaita waombe. Mwenye alama za juu anatafutwa. Mwenye shida anaambiwa athibitishe shida yake. Nakubali kwamba alama ni rahisi kuzihakiki kuliko umaskini. Hata hivyo TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, inayo orodha ya kaya hizo, iliyopitishwa kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, mbele ya majirani. Wanafunzi wa kaya hizo wanaweza kutambuliwa kabla hawajafungua fomu.

Na muda upo. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili, na shule nyingi ni za bweni, wanafunzi wako pamoja. Maofisa wa RITA wakiwafuata huko wakiwa kidato cha tano, wakasahihisha majina na kusajili vifo vya wazazi, ifikapo Agosti kijana atabakiwa na kazi ya kujaza fomu tu.