Wa mabondeni wahame, na wewe wa mlimani bomoa fensi

Masika ikianza, Dar tunapata wataalamu wapya. Juzi kwenye grupu la mtaa wetu baba mmoja katuma video ya Jangwani, kule bondeni kwa mto Msimbazi: maji yamemeza barabara, watu wanavushwa kwa kubebwa mgongoni. Chini kaandika, "Hawa wa mabondeni hawasikii mpaka wafe." Vicheko kibao. Ningepita kimya, ila baba huyo namjua, na fensi yake naijua.

Kabla hajanunua kiwanja, pale palikuwa na mkondo. Si mto, njia ya maji tu, ina matete na vyura, na kiangazi watoto wanacheza mpira humohumo. Mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yanapita hapo. Mzee wetu kamwaga kifusi, lori baada ya lori, kapandisha ukuta, na uani kalaza pevingi kutoka getini mpaka mlango wa jikoni, hata pa kuota mchicha hakuna. Kwa huruma zake kaacha tundu chini ya ukuta, bomba la inchi nne. Inchi nne, kwa maji ya mtaa mzima! Sasa mvua ikipiga, maji yanagonga ukuta, yanageuka, yanaingia kwa mama muuza maandazi, anayehamishia unga juu ya kabati kila akiona wingu. Yakitoka kwake yanabeba mchanga, chupa na mifuko mpaka kwenye kijito, na kijito kinamwaga mto Msimbazi.

Msimbazi hauanzii Jangwani, ndugu zangu. Unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, ndipo unafika Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Salender. Kila ua uliosakafiwa huko juu ni maji yaliyokataliwa kuzama ardhini, na lazima yaende kwa mtu. Kila kifusi kinachosombwa kinaishia kwenye kina cha mto, mto unajaa mchanga, na mvua ileile ya zamani sasa inafurika mapema zaidi. Halafu sisi wa juu, tuliolala pakavu, ndio tunatoa mihadhara.

Haya, nakubali kwa shingo upande: bondeni si pa kulala mtoto. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa mjini, na waliopoteza nyumba wakapewa viwanja Mabwepande, kule pembezoni mwa jiji. Kuna waliorudi bondeni. Lakini mtu anayebeba mizigo Kariakoo, ukimpeleka Mabwepande, nauli atatoa wapi? Na kama kujenga bondeni ni ujinga wa wasiosoma, karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani ilichorwa na akina nani? Mabasi yameshaogelea zaidi ya mara moja.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, daraja jipya la Jangwani likiwemo. Vizuri. Ila ni mkopo, tutaulipa wote, mwenye pevingi na asiye nazo, na hakuna daraja litakalochimbua kifusi cha mtaani kwetu.

Wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha sina hata la kuwaambia, kipindupindu kinawajua. Na vijana wa bodaboda, nawaomba: maji yanayokimbia, hata yakiwa ya magotini, yanamzoa mtu mzima. Usivuke kwa sababu aliyekutangulia kavuka. Nyumbani maji yakianza kuingia, zima umeme kwenye meni swichi kabla hujakimbilia godoro.

Narudi kwa wenye mamlaka ya karibu, maana wizara iko mbali na mkondo uko dirishani. Mtaani kwetu kiwanja hakiuzwi bila mwenyekiti kugonga mhuri na kupata asilimia kumi yake. Basi aifanyie kazi hiyo asilimia. Kabla ya kugonga mhuri aulize maji ya hapa yanapita wapi, mnunuzi amwonyeshe, na iandikwe kwenye hati ya mauziano kwamba hapo hapajengwi wala hapafukiwi. Jirani wa juu na wa chini wasaini. Na ukaguzi ufanyike siku ya mvua, si ya jua. Kwa pesa anayochukua, gambuti anaweza kununua.