Minara, betri na hofu ya mawimbi: tuangalie nguvu inayorushwa na simu

Malalamiko mawili hayaishi Kampala: betri inakata kabla ya jioni, na mnara uliosimikwa juu ya jengo la jirani unaleta magonjwa. Watu huyajadili kana kwamba hayahusiani. Yote mawili yanarudi kwenye jambo moja linalopimika, yaani nguvu ambayo simu yenyewe inatumia kurusha mawimbi ili mnara uisikie.

Simu hairushi kwa nguvu ileile saa zote. Mnara huiamuru iongeze au ipunguze kulingana na unavyoipata. Mtandao ukiwa mzuri, simu ya 4G hutumia sehemu ndogo tu ya kikomo chake cha wati 0.2. Ukiwa dhaifu, inapanda hadi kikomo: simu inapata joto, betri inashuka, na kichwa kilichoegemea simu kinapokea mawimbi mengi zaidi. Usitegemee vijiti vya juu ya skrini, maana kila mtengenezaji huvichora kwa vipimo vyake. Kwenye simu ya Android, ingia kwenye Mipangilio, Kuhusu simu, kisha hali ya laini, usome namba ya dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Kwenye 4G, -85 ni nzuri, -100 ni ya wastani, na ikifika -110 simu inahangaika. Kila hatua ya 10 ni tofauti ya mara kumi, kwa hiyo ukitoka -85 hadi -115 mawimbi yanayokufikia yamepungua mara elfu moja.

Hapo ndipo hoja ya kuufukuza mnara mtaani inapokwama. Antena hurusha kuelekea mbele, zikiinamishwa kidogo tu, na anayeishi chini yake hupata sehemu ndogo ya mawimbi hayo. Mnara ukiondolewa, simu zote za mtaa huo zinalazimika kupaza nguvu, tena zikiwa sikioni na mifukoni. Hata hivyo wakazi wasibezwe. Jenereta inayonguruma usiku kucha, moshi wa dizeli na mnara kujengwa bila jirani kuulizwa ni kero za kweli, na zipelekwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, na kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, kwa majina yake halisi. Malalamiko ya saratani hupuuzwa kirahisi. Ya moshi na kelele yanapimika.

Na saratani yenyewe je? Wenye hofu hawakuizua. Mwaka 2011, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la 2B, yaani huenda yakasababisha saratani. Lilitegemea kwa sehemu utafiti wa Interphone wa nchi 13, ambamo waliozungumza kwa simu kwa jumla ya saa 1,640 au zaidi, takriban nusu saa kwa siku kwa miaka kumi, walionekana kuwa na glioma, aina ya uvimbe wa ubongo, kwa asilimia 40 zaidi. Mwaka 2018 utafiti wa serikali ya Marekani uliona uvimbe kwenye mioyo ya panya dume. Lakini panya hao walipigwa mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku, na waliishi muda mrefu kuliko wenzao wasioguswa. Nao wagonjwa wa Interphone waliulizwa wakumbuke matumizi ya miaka mingi nyuma, na kumbukumbu ya mgonjwa anayetafuta sababu huyumba. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yalikusanya tafiti 63 na hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia zaidi ya miaka kumi. Kwa maoni yetu ushahidi umeelemea upande wa usalama, na anayetaka tahadhari anaweza kuipata bila kumtukana anayejenga mnara.

Tahadhari hiyo isiwe kurudi kwenye katorchi, yaani simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Wengi huamini simu ndogo ina mawimbi mapole. Kinyume chake, simu ya 2G kwenye masafa ya 900 MHz inaweza kufika wati 2 kwa mapigo mafupi, wastani wa wati 0.25 hivi, na mapigo hayo ndiyo yanayoifanya redio ikorome kabla simu haijaita. Betri yake hukaa siku kadhaa kwa sababu skrini ni ndogo na hakuna programu zinazovuta data kimyakimya.

Kuifunga simu janja kwenye 2G kunafaa pale tu ambapo 4G inakuja na kupotea, kama mabondeni Kisoro au visiwani Kalangala, na data ikiwa imezimwa. Mjini ni hasara: picha inayopita kwa sekunde inachukua dakika, na muda wote huo simu inarusha. Tena simu kwenye 2G haina njia ya kuhakiki kama mnara ni wa kweli, jambo zito kwa mtu anayetunza fedha kwenye laini.

Kuchagua 4G pekee nako kuna mtego. Kama simu au laini yako haipigi sauti kupitia 4G, simu hazitaingia, na namba za kutuma fedha, *165# ya MTN au *185# ya Airtel, zinaweza kugoma ukiwa mbele ya wakala. Acha ichague yenyewe kati ya 4G, 3G na 2G. 5G ilianza nchini mwaka 2023. Kama haifiki unapoishi, izime. Laini ya pili isiyoshika vizuri izimwe pia, kwa sababu inatafuta mtandao mchana na usiku. Busia na Malaba, simu ikirukia mtandao wa Kenya, chagua mtandao wako kwa mkono.

Bonyeza *#07# na simu nyingi zitaonyesha SAR, nishati inayofyonzwa na mwili. Kikomo cha kimataifa kwa kichwa ni wati 2 kwa kilo. Kipimo cha kiwiliwili hufanywa simu ikiwa milimita kadhaa mbali, kwa hiyo kuibana kwenye sidiria si hali iliyopimwa. Stika za kuzuia mionzi zisinunuliwe: zikiziba antena, simu hupaza nguvu zaidi.

Waendesha boda wanaochomeka simu ndani ya helmeti wana hatari isiyobishaniwa. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali takriban mara nne zaidi. Simama pembeni, weka spika, zungumza, kisha uendelee.