Bahari ya kwetu nayo iandikwe, na majina ya wenyewe

Hapa Ayalandi ninakoishi, elimu ya wazee kuhusu mvua, mimea na wanyama haikufungiwa kabatini. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi wapatao 50,000 waliagizwa wawaulize wazazi, mabibi na majirani zao, kisha waandike walichoambiwa. Madaftari hayo yametunzwa katika chuo kikuu cha University College Dublin (UCD), na leo unayasoma bure kwenye tovuti ya Dúchas. Watu wa kawaida wanajitolea kunakili ile miandiko ya mkono ili wengine waweze kutafuta.

Humo utakuta kwamba mbayuwayu wakiruka chini chini mvua i karibu. Kinachonigusa zaidi ni majina: ukurasa una jina la mtoto aliyeandika, na mara nyingi jina la mzee aliyemsimulia, umri wake na anakokaa.

Sasa njoo kwetu Makunduchi, Unguja. Elimu hiyo bado iko hai, tena inalisha watu. Shangazi yangu akiuona mwezi umepevuka anajua bamvua limefika: maji yatakupwa mbali mnamo saa nne asubuhi, wanawake wateremke kwenye mwani na kutafuta pweza miambani. Wiki moja baadaye ni maji mafu, hayakupwi mbali, na mwenye kazi nyingine aifanye. Wavuvi wa zamani waliuhesabu mwaka tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Kiswahili, siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, wakajua Kusi itapoa lini na Kaskazi itashika lini. Kila Julai wageni hufurika kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya huo, wakawapiga picha watu wakichapana kwa migomba na kibanda kikiteketea. Hesabu iliyoileta siku ile, nani anawaeleza? Hata watoto wetu wengi hawaijui.

Inaniuma kwa sababu watafiti walikuja, nikiwaona, na vinasa sauti vyao. Walikaa na wazee mpaka magharibi, wakaenda zao. Kilichoandikwa kiko mbali, kwa Kiingereza, na mzee wa watu ameitwa “mvuvi mmoja”. Mtoto wa kijijini Ayalandi ana jina miaka zaidi ya themanini baadaye, na mzee wetu hana!

Sisemi kila kitu kianikwe. Dawa za miti shamba ni amana ya waganga, waamue wenyewe. Hata Ayalandi kuna familia zinazorithishana tiba bila kuzitangaza. Lakini maji, mwezi na pepo ni vya kila anayeteremka pwani.

Walimu wetu wa darasa la tano na la sita wanaweza kuanza muhula huu. Daftari, kalamu, na kila wiki swali moja kwa bibi au babu: umejuaje? Jina la msimulizi likae juu kabisa ya ukurasa, na daftari libaki shuleni.